Kadi Iliyokatwa Sikio

Nyinyi vijana mnaotengeneza simu pale steji ya Garsen, mkiwa mmeinama kama mnatafuta chawa, leo nataka kuwaambia habari za kompyuta iliyosimamishwa kazi kwa sababu ng'ombe alitokea na rangi isiyo yake. Kama kuna mteja, mwambieni angojee. Simu haiwezi kufa mara ya pili.

Mimi ni Buya. Wengine mnanijua kwa kibanda cha mabati kilichokuwa na redio nyingi nje, zote zikiongea, kila moja na stesheni yake, mpaka majirani wakaniomba niwe nazifungulia kwa zamu. Siku hizi sina kibanda. Nakaa shambani kando ya mto nikifukuza nyani kwenye mahindi, na nyani wenyewe wameshanidharau. Kustaafu kwangu hakukuwa na hotuba. Macho yalikataa kuona skrubu ndogo, basi, nikafunga mlango.

Shule nilifika darasa la tatu. La nne lilichukuliwa na maji. Simaanishi kwamba nilikosa karo, namaanisha darasa lenyewe, nguzo na makuti, mto ulilibeba usiku na asubuhi tukalikuta limekwama kwenye mti wa watu wengine. Lilipokuja kujengwa tena mimi nilikuwa nafungua redio na sikuona sababu ya kurudi. Kwa hiyo mkiona nimekosea neno, msinicheke sana. Kosa ni la mto Tana.

Ufundi wa kompyuta nilifundishwa Malindi na Mgiriama mmoja, Karisa, mtu wa tumbo kubwa na vidole vyembamba, sijui Mungu alivipatanisha vipi. Ukikosea alikugonga ukucha kwa mpini wa bisibisi. Neno lake kubwa lilikuwa hili: "Kadi haisukumwi, Buya. Kadi inakaribishwa kama mkwe. Unamwonyesha kiti, unangoja akae mwenyewe, halafu unamgusa mabega yote mawili kwa pamoja. Ukimsukuma bega moja ataondoka na binti yako." Nimeweka kadi nyingi katika maisha yangu, na kila nikiiweka moja namwona mkwe.

Basi Hawa akaja. Hawa mnamjua, mwenye duka la kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti, pale mabasi ya Lamu yanapogeuzia. Kazi yake kutwa ni kupiga watu picha, na picha ya mama yake mwenyewe hana. Hata moja. Mama yake, marehemu Sadia, alifariki Hawa akiwa hajaota meno. Kitambulisho cha marehemu kilikuwa kwenye sanduku, na sanduku lilikwenda na mafuriko, njia ile ile ya darasa langu. Hawa amekuwa mtu mzima, ameolewa, amezaa, na sura ya mama yake haijui.

Lakini shangazi yake alimwambia jambo. Alimwambia, mama yako yuko kwenye tepu ya ng'ombe.

Tepu ya ng'ombe ni hivi. Zamani wageni fulani wa dawa za mifugo walipita malishoni, wakamwona fahali wa baba yake Hawa, mzee Guyo. Fahali huyo aliitwa Diima, maana yake Mwekundu kwa Kiorma, na walionijuza wanasema alikuwa mwekundu kweli, kama udongo wa Hola mvua ikianza. Wageni wakampiga video. Baadaye wakamletea mzee nakala kwenye kaseti kubwa, zile za deki. Mzee Guyo miaka yote anasema kwenye tepu yumo Diima peke yake. Shangazi anasema Sadia alitokea nyuma ya ng'ombe, akasimama, akasema maneno. Hawa amemuuliza baba yake tangu utotoni: mama alisema nini? Na mzee tangu hapo anajibu neno moja:

"Mimi nilikuwa nimeshika kamba."

Sasa Hawa alikuwa amesimama mlangoni kwangu na mkebe wa bati. Ndani ya mkebe mlikuwa na tepu mbili, hiyo ya ng'ombe na nyingine ya harusi ya jirani. Nikafungua kifuniko cha ile ya ng'ombe. Ukungu mweupe, kama mkate uliosahaulika.

"Mzee Buya," akasema, "itapita?"

"Binti yangu, itapita mara moja. Ya pili itaanguka kama majivu."

"Basi hiyo mara moja nataka niikamate, ibaki."

Najua mtauliza mbona hatukuweka deki kwenye televisheni tukarekodi kwa simu. Tulijaribu, kwa tepu ya harusi. Televisheni hizi mpya ni za kujivuna. Zikiona picha inatetemeka zinaweka buluu, hazitaki kujihusisha. Na kile kidude cha kuchomeka nje mnachopenda nyinyi, Hawa alikinunua, kompyuta yake ikakitazama kama mgeni asiye na salamu. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mezani, kizee, ilitoka kwenye ofisi moja Hola walipokuwa wanatupa. Lakini ilikuwa na kitu ambacho kompyuta mpya hazina: sloti nyeupe za zamani, ile mifereji ya kuingizia kadi. Na Karisa kule Malindi alikuwa bado na kadi ya kunasa video inayoingia humo humo. Akaipa kondakta wa basi, imefungwa kwenye soksi.

Basi nikaenda dukani kwa Hawa na bisibisi zangu, na mzee Guyo alikuwa ameshafika, ameketi mlangoni, fimbo magotini. Wateja wa kopi wakawa wanamruka.

"Buya," akasema, "nimekuja kumlinda ng'ombe wangu."

"Kwani nani atamla?"

"Nyinyi wakulima siwaamini. Na nyinyi mafundi ni wabaya zaidi. Mtu anawapa ng'ombe, mnamrudishia mbuzi, mnasema amepungua kwa sababu ya stima."

Mafundi wa namna hiyo wapo, na wawili kati yao nawajua kwa majina. Nikafungua sanduku la kompyuta. Vijana, kabla ya kugusa chochote ndani, chomoa waya wa stima, halafu shika bati tupu la sanduku, ili ule umeme wa mwilini uteremke. Mimi nilifanya hivyo. Mzee Guyo akaona, akainuka, akashika na yeye. Akadhani ndiyo dua.

Ndani ya sloti niliyoitaka kulikuwa na nyumba.

Nyigu wa udongo. Mnamjua, yule mwembamba wa kiuno, anayejenga kwenye tundu la kitasa ukisafiri kidogo tu. Alikuwa amejaza ule mfereji kwa udongo wa mto, akaulainisha, akaufunika, kazi safi kuliko ya fundi yeyote wa nyumba hapa Garsen. Niliitoa kwa mswaki na spiriti, polepole, na kijiti cha kiberiti kwa pale ndani. Msipulize kwa mdomo. Mate yana chumvi, na leo utapuliza vumbi, mwaka ujao utakuta kutu.

Nikaitoa kadi kwenye soksi.

"Ndiye huyu anayeingizwa?" mzee akauliza.

"Hii ni kadi, mzee Guyo."

"Nionyeshe meno."

Nikampa. Nilidhani anatania. Akaigeuza, akatazama zile ncha za dhahabu chini, moja moja, akapitisha kidole.

"Ni mzee," akasema. "Meno yamelika. Na hapa ana pengo."

"Hilo pengo ni la kiwandani. Ndilo linaloonyesha sloti gani ni yake. Kadi ya pengo lingine haingii."

"Kumbe ana alama ya mwenyewe." Akanirudishia, hakufurahi. "Ana alama ya watu."

Hilo neno ningelishika. Sikulishika. Nilikuwa nawaza mkwe.

Nikaikaribisha kadi, mabega mawili, ikakaa. Nikakaza skrubu. Nikawasha. Kompyuta ikalia: mlio mrefu, mifupi nyuma yake, kama mtu anayeita halafu anashikwa na kwikwi. Skrini nyeusi.

"Imekataa maziwa," mzee akasema.

Hapa nisimame kidogo, maana hii ndiyo faida yenu. Skrini ikiwa nyeusi baada ya kuweka kadi, usitangaze msiba. Mimi nilishautangaza. Kulikuwa na ofisi moja Hola niliwabadilishia kadi ya picha, skrini ikawa giza. Nikafungua, nikafunga, nikabadilisha kila kinachobadilika, jasho likanitoka mpaka kwenye viatu. Mwisho nikawaambia wakubwa, poleni, imekufa. Wakasimama wote. Mmoja akavua kofia. Walipokuwa wanaibeba kuipeleka stoo, waya wa skrini ukachomoka, mbebaji akaurudisha kwenye tundu aliloliona karibu, na kompyuta ikawaka mikononi mwao kama mtu anayeamka juu ya jeneza. Mimi nilikuwa nimeuchomeka kwenye tundu la zamani wakati wote. Ofisi ile walinipikia chai, lakini wawili walikataa kuitumia tena ile kompyuta, wakasema imeona mengi.

Kwa hiyo kwanza waya. Kwa Hawa, waya ulikuwa sawa. Pili, skrubu. Ukikaza sana ile ya nyuma, kadi inainuka upande wa pili, jino moja likatoka kwenye kiti. Nikalegeza. Tatu ni ramu, ile mibao mirefu ya kumbukumbu. Mkono ukiwa unasukuma kadi, kiwiko kinagonga ramu. Nikaitoa, nikaona imepata weusi kwenye meno. Dawa yake ni raba ya kufutia penseli. Msicheke. Raba nyeupe, unasugua taratibu, unapangusa. Sikuwa nayo. Nikawaambia nakwenda kuinunua duka la vitabu, nikaichomoa na kadi, nikaiacha mezani juu ya soksi yake.

Lile lilikuwa kosa. Duka la vitabu lina maneno mengi, na mwenyewe alitaka nimsaidie kuamua kama redio yake iuzwe au ipumzike.

Niliporudi, Hawa alikuwa anamtolea mtu kopi, kampa baba yake mgongo. Mzee Guyo alikuwa ameketi pale pale mlangoni, ametulia sana, utulivu wa mtoto aliyekula sukari. Mkononi alikuwa na koleo yangu ya kukatia waya. Kadi ilikuwa mezani, na kwenye pembe yake ya juu kulikuwa na mkato wa pembe tatu, safi, kama masikio ya ng'ombe wake wote.

"Guyo, umefanya nini?"

"Nimemtia alama ya ukoo wetu. Ukinunua mnyama kwa mtu, unaongeza ya kwako juu ya ile ya kwake. Sasa ukimbadilisha nitamjua hata huko Mombasa."

"Hii si ng'ombe, mzee."

"Ndiyo maana haikulia."

Hawa akageuka. Akaangalia kadi, akaangalia koleo, akaangalia kile kipande kidogo cha kijani sakafuni. Karatasi za mteja zikaendelea kutoka kwenye mashine, hakuna aliyezipokea.

"Abba," akasema polepole, "ungekuwa umenikata mimi ingekuwa afadhali."

"Wewe nakujua kwa sura," mzee akajibu. Na hilo alilisema kwa upendo, naapa.

Nikachukua miwani yangu. Kwenye kadi kuna njia nyembamba nyembamba za shaba, kama njia za mbuzi ukiziona kutoka mlimani. Mkato ulikuwa pembeni, mbali na meno, na niliona umegusa njia chache tu. Nikasema, tujaribu, Mungu ni mkubwa. Nikasugua ramu kwa raba, nikairudisha, na kadi nayo nikaikaribisha tena. Nikawasha. Ikawaka. Haikulia hata kidogo.

"Umeona," mzee akasema. "Alikuwa anajiona mgeni."

Nilitaka kumwambia ni raba. Ukweli ni kwamba siku ile mtaa mzima uliambiwa ni alama, na mpaka leo kuna mtu wa Chewele aliyeniletea redio imekatwa pembe.

Tulikuwa bado. Kompyuta iliwaka lakini ikawa inaganda nikiita ile kadi ya video. Kulikuwa na kadi nyingine jirani yake, ya enzi intaneti ilipokuwa inapitia waya wa simu ikipiga kelele kama paka kwenye gunia. Kadi za zamani ziligombania namba ile ile ya kuitia mkubwa wa kompyuta; zote zinaita pamoja, yeye anachanganyikiwa, anaganda. Ukikuta hivyo, toa ile isiyo na kazi, au hamisha moja sloti nyingine. Nikaitoa ya simu. Ikakaa sawa.

Nikaunganisha deki na kadi, waya wa picha na wa sauti, nikaweka tepu ya harusi kujaribu. Picha ikaja. Ya kijivu, inatetemeka, lakini bwana harusi alionekana, na kofia yake. Wakati huo huo adhana ikaanza, nikazima spika kwa heshima. Nilipoona picha imeingia kwenye kompyuta, nikaridhika. Kijivu nikakisingizia ukungu. Sauti sikuikumbuka tena.

Tukasali, tukarudi. Hawa akafunga nusu mlango. Akaketi mbele ya skrini, akajifunga kitambaa upya kama anayesubiri mgeni. Nikaingiza tepu ya ng'ombe kwenye deki taratibu, nikabonyeza.

Mistari. Nyasi. Halafu ng'ombe akajaa skrini nzima, pembe mpaka kwato. Kijivu.

Mzee Guyo alinyoosha fimbo akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Kwa fimbo, kutoka alipoketi, bila kukosea. Mtu amechunga miaka yote hiyo, fimbo ni kidole chake.

"Huyu si Diima."

"Ni Diima, mzee. Ni rangi tu haijaja."

"Diima bila rangi ni nani? Jina lake ni rangi. Huyu ni ng'ombe wa mtu. Sitaki ng'ombe wa mtu aingie kwenye mashine ya binti yangu, kesho mwenyewe atakuja na wazee wake kumdai."

"Abba, tepu haiwezi kusimama hivyo, itakatika," Hawa akasema.

"Ikatike. Si yangu."

Akatoka nje. Akasimama kwenye jua, ametupa mgongo. Hawa akanitazama. Alikuwa halii, alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa vidole vyote. Akasema kwa sauti ya chini, "Mzee Buya, yeye anakimbia. Si rangi. Anakimbia kumwona."

Mimi nikafanya ninalolijua. Nikaingia kwenye mipangilio ya kadi. Vijana, nchi zina mitindo yao ya kutuma rangi, kama zilivyo na mitindo ya kusalimiana. Kadi hii ilikuwa imepangiwa mtindo wa ng'ambo, na tepu ni ya mtindo wa huku. Ikikosea hivyo, picha inakuja lakini rangi inabaki nje mlangoni. Kumbe bwana harusi naye hakuwa na hatia, wala ukungu. Nikabadilisha. Sikuirudisha tepu nyuma, nikabonyeza iendelee pale pale ilipokwama.

Rangi ikaingia kama mvua. Nyasi zikawa nyasi. Na ng'ombe akawa mwekundu, vijana, mimi ni mkulima, ng'ombe kwangu ni kitu kinachokula mahindi yangu, lakini nilisema mashallah.

"Abba," Hawa akaita, "njoo. Amerudi."

Mzee akachungulia kwa jicho moja, mwili wake ukiwa bado nje. Halafu akaingia mzima. Akapiga magoti mbele ya skrini, akaanza kumtaja ng'ombe kwa lugha yao, kwa majina ya kusifu. Kwenye skrini alionekana yeye mwenyewe, kijana, mwembamba, ameshika kamba, kidevu juu.

Na nyuma ya ng'ombe akatokea mwanamke.

Alikuwa amebeba kibuyu cha maziwa. Mrefu. Alizunguka mkia wa Diima, akasimama, akatazama moja kwa moja kwetu, akaanza kusema. Alisema sana. Mkono mmoja ulikuwa unasema pia. Alikuwa na kidevu cha Hawa, au Hawa ana chake.

Hakukuwa na sauti.

Nikawasha spika. Kimya. Nikaongeza. Kimya chenye mvumo. Nikaangalia ule mkato kwenye pembe ya kadi, na nikajua zile njia za mbuzi zilikuwa zinakwenda wapi. Vijana, shikeni hili hata mkisahau mengine yote: waya wa sauti usiupitishe kwenye kadi ya video. Upeleke moja kwa moja kutoka kwenye deki mpaka kwenye tundu la sauti la kompyuta. Mimi nilikuwa najua, Karisa alinigongea ukucha kwa hilo. Nikapapasa nyuma ya sanduku nihamishe waya, lakini mzee alikuwa amepiga magoti juu yake, na hapo deki ikatoa mlio wa kutafuna. Skrini ikawa mistari. Nilipoitoa tepu ilikuja vipande, na ukungu ukatuangukia kama unga.

Picha ilikuwa imenaswa. Hawa akairudisha pale mama yake anapotokea, akaicheza tena. Na tena. Mdomo unasema, mkono unasema.

"Anasema nini?" akauliza.

"Sauti hakuna," mzee akajibu. "Mashine ya Buya."

"Sauti uliikata wewe. Anasema nini?"

"Mimi nilikuwa nimeshika—"

"Kamba naiona, Abba. Iko hapo. Na masikio yako nayaona, yako hapo pia."

Nje, kondakta alikuwa anaita watu wa Malindi. Mimi nikaanza kukusanya skrubu ambazo hazikuwa zimetawanyika.

"Irudishe," mzee akasema.

Hawa akairudisha. Mwanamke akatokea nyuma ya mkia, na mzee akaanza kusema pamoja na mdomo wake, hakutangulia, hakuchelewa.

"Guyo. Guyo, we. Wageni hawa wametoka huko kote kuja kumpiga picha huyu, ambaye hajui hata kukamua. Mimi ndiye ninayemlea ndama wake. Mimi ndiye ninayetoka na kibuyu. Mbona mimi sipigwi? Waambie wanipige na mimi. Waambie."

Mdomo kwenye skrini ukafungwa. Na wa mzee pamoja nao.

"Na wewe ukamwambia nini?" Hawa akauliza.

"Nikamwambia ondoka, unamziba ng'ombe. Utapigwa kesho." Akapangusa pua kwa shuka. "Wageni waliondoka jioni ile ile."

Mwanamke kwenye skrini alikuwa anaondoka, amenuna, akilalamika kwamba hapigwi picha, na kila hatua ya kununa kwake imepigwa. Hawa alianza kucheka. Alicheka mpaka akalia, au alianza na kile kingine, sikuangalia sana. Baba yake akamtazama, na yeye akashikwa, na fimbo ikaanguka.

Hapo ndipo nikafanya kazi yangu ya mwisho ya maana. Nilikuwa na maikrofoni ndogo ya kuimbia, ya mteja asiyerudi. Nikaichomeka moja kwa moja kwenye tundu la sauti la kompyuta, kama nilivyofundishwa. Nikamwambia, mzee Guyo, sema tena, safari hii ndani ya hiki.

Akakubali kwa sharti. Ng'ombe aanze. Alisema si adabu mtu aingie kwenye video ya Diima bila Diima kusalimu. Basi akalia kama Diima, mlio mrefu wa tumboni, wateja nje wakasogea mbali na mlango. Kisha akafanya upepo. Kisha akafanya mgeni mmoja akikohoa, nadhani kikohozi kilikuwa chake mwenyewe, akakisingizia mgeni. Halafu akamfanya Sadia. Hakuibana sauti wala hakujifanya mwanamke. Alisema tu maneno yake, yote, kwa sauti ile ile ya kuitia ng'ombe mtoni, na alipofika kwenye "Mbona mimi sipigwi?" akakohoa, akaendelea.

Kadi ile Hawa ameiweka kwenye fremu, ukutani, karibu na bei za kopi. Watu wanadhani ni leseni.

Na video, ikiwa imeunganishwa na ile sauti, iko kwenye simu ya Hawa. Juzi nilipita pale, nikamkuta mtoto wake wa pili ameketi kwenye kiti cha picha za pasipoti, miguu inaning'inia, anamweleza mteja habari za nyanya yake. Anasema nyanya yake alikuwa mrefu, mzuri sana, mwenye maneno mengi. Ila sauti yake ilikuwa nzito, na kifua kilikuwa kinamsumbua.